Taulo za kike za kufua: kazi huanzia kwenye kamba ya nguo

Mwaka 2008, Mmarekani Celeste Mergens alikuwa akisaidia kituo cha watoto yatima nchini Kenya. Akauliza wasichana hujisitiri na nini wakiwa kwenye hedhi. Akaambiwa hawana kitu. Hubaki vyumbani wamekalia makadibodi. Zikatafutwa pedi za kutupa, na shida ikabadilika sura tu: zikishatumika, hapakuwa na pa kuzitupa. Ndipo akageukia za kufua, na kutoka hapo likazaliwa shirika la Days for Girls, ambalo wafuasi wake hushona kwa kujitolea katika nchi nyingi.

Ushonaji wenyewe si mgumu. Kilichowachukua muda ni kuwasikiliza watumiaji na kurekebisha muundo tena na tena. Pedi ya kufua isipoanikwa juani haikauki vizuri, na msichana gani ataanika hadharani kitu ambacho kila apitaye anakitambua? Ataificha chini ya godoro ikiwa mbichi, na kesho ataivaa hivyo hivyo, na ngozi imchubuke. Kwa hiyo kipande cha kunyonya kikawa cha mraba, cha fleneli (kitambaa laini cha pamba) yenye maua na rangi za kukoza. Kikikunjwa ni pedi. Kikikunjuliwa kambani ni kama leso ya mkononi, na hukauka upesi. Hukaa juu ya kipande kingine chenye kitambaa kisichopitisha maji, kinachofungwa kwenye chupi kwa vifungo vya kubana.

Anayepewa seti ya vipande hivi aelezwe matumizi, asikabidhiwe mfuko na kupigwa picha. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, au mapema ikilowa. Iloweshwe kwanza kwa maji baridi, maana ya moto hugandisha doa la damu, kisha ifuliwe kwa sabuni na kusuuzwa hadi maji yatoke meupe. Dawa ya kulainisha nguo isitiwe, hupunguza unyonyaji. Wala pedi haiazimwi, hata kwa dada.

Ikitunzwa, seti hudumu miaka 2 au zaidi. Lakini penye shida ya maji, nisingeipeleka kabla ya kuuliza. Huenda wakahitaji kwanza bomba na choo chenye mlango unaofungwa, na pedi za kutupa kwa wakati huo.