Kusomea leseni ya lori kwa fedha za mwajiri huku rekodi yako ina doa

Kijana mmoja alikaa mbele ya meza yangu mwaka jana, begi la safari likiwa tayari miguuni. Kampuni moja kubwa ya malori ilikuwa imemkubali kwa simu, tiketi ya basi ya Jumapili alishatumiwa, na chuo kilikuwa majimbo mawili mbali. Alitaka nimsaidie kujaza fomu tu. Tulipofika kwenye swali la makosa ya barabarani akajibu haraka: "Dada, ninalo moja tu, la spidi. Nililipa."

Kabla sijaandika neno tuliingia kwenye tovuti ya ofisi ya leseni ya jimbo, tukalipia rekodi yake ya udereva na kuichapisha. Ilikuwa na mistari minne. Spidi, ndiyo. Chini yake, kutofika mahakamani. Chini yake tena, leseni kusimamishwa. Na mwisho, leseni kurejeshwa, wiki saba baadaye. Kijana hakuwa amenidanganya. Alikuwa amehama nyumba, barua ya mahakama ikaenda anwani ya zamani, leseni ikasimamishwa huku yeye akiendelea kwenda kazini kila asubuhi bila habari, mpaka siku alipotaka kubadilisha bima. Alilipa faini yote, na kwake yeye hadithi iliishia hapo.

Kampuni ingesoma mistari minne huku yeye akitaja mmoja. Na angekuwa tayari amelala hotelini kwao, mbali na nyumbani.

Nashauri wahamiaji kuhusu ajira hapa Marekani, na wanaokuja kuulizia malori ni wengi. Nianze na mpango wenyewe. Kuendesha trela kubwa kunahitaji leseni ya biashara, CDL, ya Daraja A. Tangu tarehe 7 Februari 2022, anayeitafuta kwa mara ya kwanza lazima apite mafunzo ya mtoaji aliyeandikishwa kwenye orodha ya FMCSA, idara ya serikali kuu inayosimamia usalama wa malori. Karo huwa maelfu ya dola. Baadhi ya kampuni kubwa hukulipia, au huwa na chuo chao wenyewe, nawe unaahidi kuwafanyia kazi kwa muda, mara nyingi miezi sita hadi mwaka. Baada ya leseni unapanda na mkufunzi kwa wiki kadhaa kabla ya kukabidhiwa lori lako.

Kampuni inayotoa fedha huchagua zaidi kuliko chuo kinachopokea fedha zako. Chuo kitakufundisha hata kama hakuna bima itakayokubali uguse usukani, na hilo nimeliona likiwaumiza watu waliojilipia karo kwa mkopo. Kampuni inayokugharamia hukagua kwanza kwa sababu hasara ni yake. Kwa hiyo kama rekodi yako ina doa, hata kama unazo fedha za karo, usilipe chuo kabla hujapata kampuni iliyokubali kukuajiri ikiwa imeiona rekodi yako yote.

Mtu wa kampuni anayeisoma rekodi yako haanzi kwa kuhesabu mistari. Kwanza anaangalia kama leseni yako iko hai leo, katika kila jimbo ulilowahi kuishi. Sheria inamtaka mwajiri apate rekodi ya miaka mitatu iliyopita kutoka majimbo yote yaliyokupa leseni, na jimbo lenyewe, unapoomba CDL, litakuuliza majimbo ya miaka kumi. Faini ya zamani uliyoiacha jimbo ulilofikia mara ya kwanza inaweza kuwa imeifunga leseni yako huko bila wewe kujua. Deni hilo lilipwe kwanza, na risiti itunzwe.

Kisha anaangalia aina ya kosa. Kanuni za CDL zina makosa mazito, kama kupita kikomo cha spidi kwa maili 15 kwa saa au zaidi, kuendesha ovyo, kumfuata wa mbele karibu mno na kubadilisha njia kihatari. Mawili kati ya hayo ndani ya miaka mitatu, ukiwa kwenye lori, yanakuweka nje kwa siku 60; matatu, siku 120. Juu yake kuna makosa makubwa: kuendesha ukiwa umelewa, kukimbia ajali, kutumia gari katika uhalifu. La kwanza ni mwaka mmoja nje, la pili ni maisha. Wewe bado huna CDL, lakini kampuni nyingi hukopa mizani hiyohiyo kumpima mgeni. Ndiyo maana tofauti ya maili 14 na maili 15 ni kubwa kuliko inavyoonekana. Soma namba iliyoandikwa kwenye rekodi, usitegemee kumbukumbu yako ya maneno ya polisi.

Halafu tarehe. Kila kosa lina tarehe ya kutendeka na tarehe ya kutiwa hatiani, na kati yake inaweza kupita miezi. Kampuni moja huhesabu kuanzia ya kwanza, nyingine kuanzia ya pili. Kwa ulevi wengi huangalia nyuma zaidi ya miaka mitatu, mitano au saba au hata kumi, kila mmoja na kanuni yake na ya bima yake. Kampuni kubwa zinazojibebea sehemu ya hatari ya bima zina uhuru zaidi wa kukubali mtu mwenye doa; ndogo, zenye malori matano au sita, mara nyingi hazina la kuamua, bima ikisema hapana ni hapana. Ukikataliwa na moja, umekataliwa na moja hiyo tu. Ila uliza sababu na uiandike: "mpaka Agosti" ni jibu tofauti kabisa na "hatuchukui."

Kulipa faini nako kunahitaji maelezo, maana wengi wetu tumezoea kwamba ukishalipa yamekwisha. Machoni pa kanuni hizi kulipa tiketi ni kukubali kosa, na kosa linaandikwa. Katika majimbo mengi dereva wa gari dogo anaweza kuiomba mahakama ahudhurie darasa la usalama barabarani ili kosa lisiingie kwenye rekodi. Nafasi hiyo ina mwisho ambao watu hugundua wakiwa wamechelewa. Kuanzia siku unayopewa kibali cha kujifunzia CDL, sheria ya serikali kuu inalikataza jimbo kuficha au kuahirisha kosa lako lolote la barabarani isipokuwa machache kama ya maegesho, hata kama ulikuwa kwenye gari lako dogo Jumapili ukitoka kanisani au msikitini. Kwa hiyo mwenye tiketi ambayo bado haijaamuliwa aende mahakamani kwanza, kibali baadaye. Nimewaona watu wakikimbilia kibali Jumatatu na mahakamani Ijumaa, wakati kupanga wiki upya kungewaokoa.

Sasa fomu. Fomu ya kuomba kazi ya lori inakutaka utaje ajali zote na makosa yote ya miaka mitatu, kusimamishwa kokote kwa leseni, na waajiri wako, kisha unatia saini kwamba yote ni kweli na hakuna kilichoachwa. Mwajiri atalinganisha fomu na rekodi mstari kwa mstari. Kosa la spidi la miaka miwili iliyopita pengine angelivumilia. Kosa lilelile likiwa limefichwa linageuka kuwa kesi ya uaminifu, na hapo ndipo watu hurudishwa nyumbani siku ya kwanza ya mafunzo, wengine kwa nauli yao. Mwombaji anayeandika "tarehe fulani, maili 17 juu ya kikomo, nilikiri, nililipa" na kuambatisha risiti humrahisishia kazi mtu wa ofisini, na mtu wa ofisini hupenda kazi rahisi. Usiongeze maombolezo wala hadithi ya jinsi polisi alivyokuonea. Mistari miwili inatosha.

Mtu wa ajira anayekupigia simu ana kazi ya kujaza viti darasani, na "usijali, tutalishughulikia" ni maneno mepesi. Mtumie rekodi yako yote kwa barua pepe, umwambie wazi kwamba hii ndiyo rekodi, je, idara ya usalama ya kampuni imeiona na kuikubali? Subiri jibu la maandishi. Asipojibu, basi la Jumapili liondoke bila wewe.

Kama wamekukataa kwa sababu ya ripoti ya kampuni ya kukagua historia za waombaji kazi, unayo haki ya kupata nakala na kupinga kosa lililomo, na kampuni hiyo kwa kawaida ina siku 30 kuchunguza. Majina yetu huchanganywa: jina la baba likawekwa mahali pa jina la ukoo, tarehe ya kuzaliwa ya tarehe 1 Januari ambayo wakimbizi wengi walipewa. Nimewahi kusoma rekodi yenye ajali ya mtu mwingine kabisa, na mwenye jina hakuwahi hata kufika jimbo hilo.

Dawa za kulevya na pombe zina daftari lao la kitaifa, lililoanza Januari 2020, ambalo mwajiri lazima alitazame. Kipimo hufanyika kabla hujaendesha barabarani. Bangi kuwa halali katika jimbo lako hakubadilishi chochote kwenye kipimo hicho. Ukikutwa nayo, habari hukaa daftarini miaka mitano, au zaidi kama hujamaliza utaratibu wa kurejea kazini.

Mawili mengine niyapite haraka kwa kuwa hayahusu rekodi, ingawa huwasimamisha watu wetu vilevile. Dereva wa lori anatakiwa aweze kusoma alama na kuzungumza na mkaguzi kwa Kiingereza, na tangu Juni 2025 asiyeweza husimamishwa palepale barabarani. Na kanuni za CDL kwa wasio raia zilibanwa Septemba 2025, zikapingwa mahakamani. Mwenye kibali cha kazi au hadhi ya ukimbizi aulize ofisi ya leseni ya jimbo lake kabla ya kutia saini chochote.

Tuje kwenye mkataba. Mtu mwenye doa hufika hapa akiwa na shukrani nyingi mno. Amekataliwa na wanne, wa tano amesema ndiyo, naye anatia saini kurasa kumi na mbili amesimama. Kaa chini. Tafuta kwanza bei ya mafunzo iliyoandikwa mkatabani, kwa sababu ndiyo deni utakalodaiwa ukiondoka mapema, na wakati mwingine inazidi karo ya chuo cha jamii kilicho mtaa wa pili. Angalia kama deni hilo linapungua kila mwezi unaofanya kazi au linabaki zima mpaka siku ya mwisho: mwenye mkataba wa aina hiyo ya pili akiondoka mwezi wa kumi na moja anadaiwa sawa na aliyeondoka mwezi wa kwanza. Angalia riba. Na tafuta kifungu kinachosema nini kitatokea wao wakikuachisha, tofauti na wewe kuacha. Kwa mtu mwenye rekodi kama yako hicho ndicho kifungu cha kusoma mara mbili, kwa kuwa mgongano mdogo tu kwenye maegesho, juu ya makosa ya zamani, unaweza kutosha kukufukuzisha, na mikataba mingine hukudai deni lote hata hapo. Uliza pia utalipwa nini wakati wa chuo na wakati wa kupanda na mkufunzi, na makato ya kila wiki ni kiasi gani. Omba nakala uende nayo nyumbani usiku mmoja. Anayekunyima usiku mmoja amekwishakuonyesha atakavyokutendea mkiwa barabarani.

Rekodi ikiwa mbaya kwa sasa, kuna njia za pembeni. Vituo vya ajira vya serikali, vinavyoitwa American Job Center, vinaweza kulipia mafunzo kupitia WIOA, sheria ya mafunzo ya ajira ya mwaka 2014, kwa wanaostahili, na fedha hizo hazikufungi kwa mwajiri yeyote. Hata hivyo watakuuliza kama utaajirika, kwa hiyo nenda na barua za kampuni mbili tatu zilizosema zingekuchukua. Kuna pia kazi za Daraja B, malori ya mchanga, taka na vifaa vya ujenzi, ambako mwenye yadi huwafundisha vibarua wake aliokwisha kuwaona wakiamka saa kumi alfajiri. Wengine huanza upakiaji ghalani na kuhamia usukani tarehe za makosa yao zinapokuwa zimezeeka. Kusubiri miezi minane ukiwa ndani ya kampuni ni bora kuliko kusubiri nyumbani, maana kuna mtu wa kukutetea ofisini.

Yule kijana hakupanda basi la Jumapili. Alirudi mahakamani Jumanne, karani akampa karatasi yenye muhuri inayoonyesha kesi ilifungwa na faini ililipwa yote. Tukaandika mistari yake minne kwa tarehe, tukaituma kwa kampuni nne. Ile iliyomtumia tiketi ya basi ilijibu kwamba kwao leseni iliyosimamishwa ndani ya miaka mitatu haipokelewi. Ya pili haikujibu. Ya tatu ilisema arudi baada ya miezi mitano. Ya nne ikauliza swali moja, kama kusimamishwa kulitokana na ulevi au na barua iliyopotea, nasi tukawatumia ile karatasi ya karani.