Bundi Hajawahi Kuwa Tarishi Wangu

Wiki iliyopita, katika mtaa mmoja wa Ngamiani, jijini Tanga, vijana walimuua bundi kwa manati. Alikuwa ametua juu ya bati la nyumba ambamo mzee mmoja alikuwa amelala akiumwa kifua, akalia mara mbili tatu, na kabla hajaruka wakamtwanga jiwe, kisha wakamchoma moto uani ili mkosi usirudi. Yule mzee amepona. Ninapoandika haya amekaa barazani anakunywa uji wa pilipili manga na kulalamika kwamba sukari haitoshi. Aliyekufa ni bundi, na mimi, ambaye ndiye Kifo mwenyewe na nilikuwapo, naweza kushuhudia kwamba usiku ule sikuwa na shughuli yoyote katika mtaa ule mpaka walipoianzisha wao.

Asubuhi yake nikamsikia bibi mmoja akimweleza jirani yake kwamba mzee ameponea chupuchupu, kwa sababu tarishi amewahiwa kabla ya kufikisha ujumbe. Tarishi wangu! Usemi huo, kwamba bundi akilia juu ya paa ni mjumbe aliyekuja kunitangaza, nimeusikia Pwani nzima kwa karne nyingi na nikanyamaza, kwa kuwa kazi yangu haihitaji matangazo, lakini safari hii nimeona niandike, maana dhana hii inanivunjia heshima kitaaluma na, kama nitakavyoeleza, inaniongezea kazi ambayo sikuiomba.

Niondoe kwanza utata wa cheo. Mimi si Ziraili. Ziraili ni malaika, ana amri yake kutoka kwa Mola wake, na habari zake waulizwe masheikh. Mimi ni Kifo tu, lile jambo lenyewe, ambalo kila taifa limelivika mavazi linayoyapenda. Wahindu wana Yama, naye wamempa nyati wa kupanda. Wagiriki wa kale walinipa mabawa na ndugu pacha aitwaye Usingizi. Wazungu, hasa baada ya tauni iliyoifagia Ulaya kuanzia mwaka 1347, walizoea kunichora nikiwa mifupa mitupu nimeshika fyekeo refu la kuvunia ngano, na picha hiyo sasa inatembea Tanga kwenye fulana za mitumba, ingawa hapa hakuna anayevuna chochote kwa chombo kile. Wako pia wanaoamini kwamba makao yangu ni Kisiwa cha Toten, kile kilicho kwenye ghuba ya Tanga, kwa sababu ya yale makaburi ya kale yaliyomo. Hayo yote siyajali. Husemwa kwamba Tanga waja leo waondoka leo, na sidhani kama kuna mgeni anayeutii usemi huo kunishinda mimi. Ninachokikataa ni kupewa mfanyakazi ambaye sikumwajiri.

Bundi anayezungumzwa mara nyingi ni yule mweupe wa uso wenye umbo la moyo, anayetaga darini, kwenye magofu na katika maghala ya zamani ya mkonge. Sauti yake ni mkwaruzo mkali usiopendeza, hilo namkubalia kila mtu. Manyoya ya kingo za mbawa zake yana nyuzinyuzi laini zinazoua mvumo wa upepo, ndiyo maana hupita juu ya kichwa cha mtu bila kusikika, na mtu akamwona ghafla, mweupe, kimya, saa saba za usiku. Naelewa kwa nini watu wanashtuka. Nisichokielewa ni kwa nini wakishashtuka hawaendi kutazama chini ya kiota chake kesho yake mchana.

Wangekwenda wangekuta vidonge vyeusi vyenye urefu wa kidole gumba, vikavu, visivyonuka sana. Bundi humeza panya mzimamzima, kisha hutapika asichoweza kukisaga. Kivunje kidonge kimoja kwa vidole na utakuta manyoya ya kijivu yaliyosokotana, mbavu nyembamba, taya, na fuvu dogo ambalo bado lina meno mawili ya mbele yenye rangi ya chungwa. Hiyo ndiyo kumbukumbu kamili ya kazi anayoifanya usiku kucha. Nimepita kwenye magofu mengi, na katika vidonge vyote hivyo sijawahi kukuta barua yangu ya wito kwa mtu yeyote.

Sasa nifike panaponiuma. Panya ni mmoja wa washirika wangu wa zamani kabisa. Viroboto vyake hubeba vijidudu vya tauni, ile ile iliyonipatia fyekeo huko Ulaya, na kwa wanaodhani kwamba hizo ni hadithi za Wazungu, nawakumbusha kwamba kuanzia mwaka 1980 wilaya ya Lushoto, hapa hapa mkoani Tanga, iliandamwa na milipuko ya tauni kwa zaidi ya miaka 20. Mkojo wa panya, pamoja na wa wanyama wengine, hueneza homa ya mgunda, ambayo mwaka 2022 ilizua taharuki mkoani Lindi kabla wataalamu hawajaitambua. Sisemi kwamba bundi peke yake angeizuia tauni ya Lushoto. Panya wa mashambani na msituni ni wengi mno, na ugonjwa ule una njia zake. Ninachosema ni kwamba katika daftari la mahesabu, bundi yuko upande wenu. Anayekula panya anakula posho yangu. Mnampiga mawe mshindani wangu, mnamwita tarishi wangu, halafu mnalalamika kwamba nina upendeleo.

Hapo hukatizwa na hoja ile ile, na hoja hiyo ndiyo hasa iliyonifanya nishike kalamu: “Lakini alilia, na kweli mtu akafa.”

Tulitazame jambo hili polepole. Nyumba yenye mgonjwa haifanani na nyumba nyingine usiku. Taa haizimwi. Kuna sufuria ya uji iliyofunikwa nusu, kuna makombo ya wageni waliokuja kujulia hali, kuna mlango unaofunguliwa na kufungwa kila saa. Makombo humwita panya, na panya humleta bundi. Zaidi ya hayo, nyumba yenye mgonjwa ina watu walio macho. Bundi huyo huyo alilia juzi juu ya nyumba ya jirani, na jana kwenye mwembe wa msikiti, lakini watu wazima wenye afya walikuwa wamelala fofofo na hakuna aliyemsikia. Anayemsikia bundi saa tisa za usiku ni anayeuguza, na anayeuguza tayari ana hofu moyoni inayotafuta mahali pa kukaa.

Kisha kuna suala la hesabu, ambalo hunikera kuliko yote. Hakuna anayehesabu usiku ambao bundi alilia na kukakucha salama. Usiku wa namna hiyo ni mwingi kupita kiasi, ila haukumbukwi kwa sababu hauna la kusimuliwa kwenye matanga. Unaokumbukwa ni ule mmoja uliofuatiwa na msiba. Tena muda wa kusubiri haukuwekewa mpaka: asipokufa mtu kesho, husubiriwa wiki, wiki ikipita, husubiriwa mwezi. Wala mahali hapakuwekewa mpaka. Nyumba yenyewe ikibaki salama, simu italia siku moja kwamba mjomba wa Korogwe amefariki, na papo hapo mtu atasema, “Mnaona? Si nilisema?” Bundi wa Ngamiani hudaiwa kutangaza misiba mpaka Korogwe, kazi ambayo hata redio huhitaji mnara kuifanya. Kwa masharti mapana kiasi hicho ningeweza kuthibitisha kwamba natangazwa na kengele ya muuza aiskrimu, na ushahidi wangu ungekuwa mzito zaidi, kwa sababu yeye hupita kila siku.

Ninashangazwa pia na wanaoleta hoja hii wakiwa wametoka madrasa jioni hiyo hiyo. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini kwamba roho ya aliyeuawa bila kulipiziwa kisasi hugeuka ndege anayelia juu ya kaburi, wakimwita hama, na wanazuoni wengi humfasiri kuwa ni bundi. Mtume alilikanusha jambo hilo waziwazi, pamoja na imani ya mikosi ya ndege kwa jumla, katika hadithi iliyo kwenye mikusanyo mashuhuri. Sina la kuongeza hapo. Na kule Athens ndege huyu huyu alikuwa alama ya mungu wao wa hekima, akachapwa kwenye sarafu za fedha. Angekuwa tarishi wangu, mji ule ungekuwa umenibeba mfukoni kwa mamia ya miaka.

Tanga inapaswa kuwa mji wa mwisho kuwasingizia viumbe wenye mabawa, kwa kuwa imeshuhudia singizio la namna hiyo likizaliwa. Novemba 1914 kikosi cha Waingereza kilichotoka India, watu takribani 8,000, kilishuka hapa na kushindwa na jeshi la kamanda wa Wajerumani, Lettow-Vorbeck, lenye kiasi cha watu 1,000 tu. Katikati ya mapigano mizinga ya nyuki ilivurugwa, nyuki wakatoka na ghadhabu, wakauma pande zote mbili bila kuuliza bendera. Baadaye ukaenea uvumi kwamba Wajerumani walikuwa wametega nyaya kwenye mizinga ili kuwachokoza kwa makusudi. Nilikuwapo, na nilikuwa na kazi nyingi. Kazi hiyo niliipewa na bunduki za rashasha na maofisa walioshuka bila kupeleleza mji, lakini nyuki walipendeza zaidi kusimuliwa, na hawakuwa na wa kuwatetea.

Mkitaka kumjua mjumbe wangu halisi, jike la mbu aina ya anofelesi huingia chumbani bila kelele za kumshtua mtu, na hakuna anayemtupia kijinga cha moto. Mwaka 2023 malaria iliua watu wanaokadiriwa kuwa karibu 600,000 duniani, wengi mno wao katika Afrika, na sehemu kubwa wakiwa watoto wa chini ya miaka 5. Nimeingia nyumba ambamo baba alikesha akimwinda bundi huku chandarua alichopewa kliniki mkewe mjamzito kimezungushiwa bustani ya mchicha ili kuku wasiingie. Mchicha ulikuwa umestawi vizuri sana.

Na wanaotaka kweli kujua dalili za kukaribia kwangu wasitazame paa, wamtazame mgonjwa. Aliyefika ukingoni huacha kutaka chakula, kisha maji. Hulala muda mrefu kuliko anaokuwa macho. Miguu na mikono hupoa, ngozi ya magoti huingia mabakabaka, kauli hukatika. Pumzi huja kwa mafungu: huenda kasi, hupungua, hukoma kabisa kwa muda mpaka waliozunguka kitanda wakatazamana, halafu hurejea. Bibi yeyote wa Makorora au Chumbageni aliyewahi kuuguza anayajua haya, na hapo huwaambia vijana kwa sauti ya chini waitwe walio mbali. Huyo bibi ana elimu kuhusu mimi inayozidi ya ndege wote wa Pwani, lakini sijasikia hata siku moja akipewa sifa ya kunitabiri.

Hata yeye, hata hivyo, hawezi kuitaja dakika, na kwa hilo simlaumu, kwa sababu mimi mwenyewe siijui. Vitabu huandika saa moja na dakika moja, na cheti hupigwa muhuri, lakini kwangu jambo haliko hivyo. Moyo husimama, na mara nyingine mtu akabonyeza kifua kwa nguvu na kwa mpango ukaanza tena. Je, nilikuwa nimeingia au la? Ubongo ukikosa oksijeni huanza kuharibika baada ya dakika chache, ila hauzimiki wote kwa mpigo. Konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, hubaki hai kwa saa kadhaa, na inaweza kupandikizwa kwa mwingine ikaona. Swali hili lilikuwa la wanafalsafa mpaka tarehe 3 Desemba 1967, moyo wa binti aliyegongwa na gari ulipopandikizwa kwenye kifua cha mwanamume mmoja mjini Cape Town, na mwaka uliofuata kamati ya Chuo Kikuu cha Harvard ikapendekeza kifo kipimwe kwa ubongo. Wamejitahidi, na vipimo vyao ni makini, lakini ukiniuliza nisimamishe kidole pale hasa ninapoanza, nitasitasita. Naona kama naingia kwa vyumba. Sasa ikiwa mimi mwenye shughuli siijui dakika hata nikiwa kitandani pa mtu, bundi aliye juu ya bati ameipata wapi usiku wa kuamkia jana?

Kwa hiyo, akitua kwenu, mwacheni awinde. Akiwa ametaga darini na sauti ya makinda inawakosesha usingizi, vumilieni wiki chache mpaka waruke, ndipo mzibe tundu kwa wavu wa chuma. Msitupe sumu ya panya ovyo, kwa kuwa panya aliyekula sumu hutembea kilegevu, bundi humdaka kwa urahisi, naye akafa kwa sumu ile ile. Na ikibidi kuiweka, isiwekwe kwenye chupa ya soda wala kwenye kisosi karibu na jiko. Watoto hawasomi maandishi, na hiyo ni safari ambayo ningefurahi kuikosa.