Kulegea kwa nati: kwa nini mtetemo hufungua kilichokazwa

Kulegea kwa mtetemo ni hali ya nati iliyokazwa kujifungua yenyewe, bila kuguswa na spana, kwa sababu kitu ilichokifunga kinatikisika. Mwenye mashine ya kusaga anaijua vizuri: Jumatatu kakaza bolti nne za injini, Ijumaa mbili zinacheza. Dereva wa bodaboda anaijua kwenye bolti za ekzosi na za keria.

Ili kuizuia, kwanza tuelewe bolti inashikaje. Unapokaza nati, chuma cha bolti kinavutika na kurefuka kidogo, kama mpira wa manati. Kwa kutaka kurudi urefu wake, kinavibana vile vipande viwili. Kubana huko ndiko kunakoshika. Lakini kurefuka kwenyewe ni kudogo mno: bolti ngumu inayobana unene wa sentimita 10, ikikazwa sawasawa, hurefuka takriban milimita 0.2 tu. Sasa fikiria rangi, kutu au uchafu wa milimita 0.1 umebaki chini ya washa, ile pete bapa ya chuma inayokaa chini ya nati. Mashine ikianza kutetema, uchafu ule unapondeka, na karibu nusu ya mvutano imekwenda kabla nati haijazunguka hata kidogo. Ndiyo maana nasisitiza sana kusugua sehemu ya kukalia bolti hadi chuma kionekane. Kazi ya dakika mbili, na wengi wanairuka.

Hatua ya pili ndiyo ya nati yenyewe kuzunguka. Uzi wa bolti ni mteremko uliozungushwa kwenye chuma, na nati imekaa juu ya mteremko huo ikisukumwa kushuka muda wote. Kinachoizuia ni msuguano. Weka gunia juu ya ubao ulioinama kidogo: litatulia. Anza kuusukasuka ubao kushoto na kulia, nalo litaanza kuteremka, ingawa hakuna aliyelisukuma kuelekea chini. Nati hufanya vivyo hivyo. Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hili mwaka 1969 kwa mashine aliyoiunda kutikisa bolti kwa ubavu. Waliomtangulia walikuwa wakiitikisa kwa kufuata urefu wake, na ililegea kidogo tu. Kwa ubavu, nati ilijifungua kabisa baada ya mitikisiko michache. Adui mkubwa basi ni vipande viwili kuteleza kimoja juu ya kingine.

Kwa hiyo dawa ya kwanza ni kukaza kwa nguvu inayotakiwa, kwa spana ya kipimo, ile inayopima nguvu ya kukaza, ukiipata, ili vipande visiteleze kabisa. Bolti ndefu na nyembamba nayo huvumilia kuliko fupi nene, maana inarefuka zaidi na haipotezi mvutano wote kwa kupondeka kidogo.

Washa ya springi, ile iliyokatwa upande mmoja, ndiyo inayoaminiwa zaidi gereji, na hapo sikubaliani na mafundi wengi. Mwongozo wa bolti wa NASA, shirika la anga la Marekani, wa mwaka 1990 unaeleza kwamba bolti inapofikia mkazo wake, washa hiyo huwa imeshalala bapa, na kuanzia hapo ni washa ya kawaida tu. Usiitegemee peke yake.

Nati yenye pete ya plastiki ndani hushika vizuri zaidi, ila iweke mbali na ekzosi, kwa kuwa plastiki ile huanza kushindwa joto likizidi kama digrii 120. Ikishafunguliwa mara kadhaa, au ikizunguka kwa vidole bila ubishi, badilisha. Ukitumia nati mbili, ile nyembamba itangulie chini na nene ikae juu. Wengi hugeuza, lakini ya juu ndiyo inayobeba mzigo baada ya kubanana. Mahali ambapo nati ikitoka mtu anaweza kufa, kama kwenye bol joint (viungo vya mpira wa chuma) za usukani, kuna nati yenye mikato na spliti pini, yaani pini inayopitishwa kwenye mikato hiyo na tundu la bolti. Pini hailindi mvutano, ila hairuhusu nati idondoke.

Kisha kuna gundi ya nati. Profesa Vernon Krieble wa Hartford, Marekani, aliitengeneza mwaka 1953. Hukauka inapokosa hewa na kugusa chuma, ndiyo sababu kichupa chake huuzwa hakijajaa: hewa iliyobaki ndani huizuia isigande. Futa oili kwanza. Ile ya bluu hufunguka kwa spana, nyekundu mara nyingi hudai moto.

Haya si mambo ya gereji peke yake. Tarehe 10 Mei 2002, treni iliacha reli Potters Bar, kaskazini mwa London, na watu 7 wakafariki. Uchunguzi ulikuta nati za swichi ya reli, sehemu inayohamisha treni kutoka njia moja hadi nyingine, zimelegea, nyingine hazipo.

Baada ya kukaza, chora mstari mmoja wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Angalia pia vumbi jekundu, laini kama la matofali, likitoka pembeni mwa washa: hapo chuma kinasuguana, hata kama mstari bado umenyooka. Nati za tairi lililotoka kubadilishwa zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, tairi likiwa limepoa.