Kutafuta faili la talaka au mirathi Lamu: anza na mwaka, kisha jina

Mama mmoja alifika ofisini kwetu, tunakowasaidia watu kutafuta mafaili ya mahakama, kutoka upande wa kisiwa cha Pate, pindo la buibui limekauka chumvi ya bahari. Mume wake wa pili alikuwa amefariki, na kwenye mirathi mashemeji walikuwa wakidai kwamba yeye si mjane wa marehemu, kwa sababu hakuwahi kuachwa na mume wa kwanza. Alikuwa ameachwa, na talaka ilipita kwa kadhi. Karatasi ndiyo hakuwa nayo. Alikokwenda kuiulizia kabla ya kuja kwetu aliambiwa arudi akiwa na namba ya kesi, akarudi nyumbani kwa boti mikono mitupu.

Nilipomuuliza ilikuwa lini, alijibu: "Mwanangu, miaka siijui. Talaka ilitoka mfungo sita, kusi imekaza, kabla ya mvua za Elnino."

Mama alikuwa amenipa tarehe kamili asijue. Mvua za El Niño zilianza Oktoba 1997. Mfungo sita, mwezi wa Maulidi, mwaka huo uliangukia Julai, na Julai ndiyo msimu wenyewe wa upepo wa kusi. Rejista ya talaka ya 1997 ikafunguliwa kurasa za katikati. Shauri lilikuwepo, ila kitambulisho chake kinasema Aisha binti Uthman na rejista inasema Esha bt. Athman. Angetafutwa kwa jina la kitambulisho peke yake, angeambiwa faili halipo.

Nasimulia haya kwa kuwa watu wengi wanaokuja kwetu wanadhani kazi ya kutafuta faili inaanzia dirishani pa mahakama. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika barazani kwenu, pamoja na wazee, kabla hujapanda boti.

Kila mahakama ina masjala yake, yaani ofisi ya kutunzia mafaili, na faili hukaa kwenye mahakama lilikofunguliwa. Hakuna daftari moja la Pwani nzima. Ndani ya masjala, mashauri huandikwa kwenye rejista kwa aina yake, talaka kwao na mirathi kwao, na namba huanza upya kila Januari. Ndiyo maana namba bila mwaka haimfikishi karani popote: shauri namba 14 lipo la kila mwaka. Mashauri ya miaka ya karibuni hubeba herufi E mbele ya namba, alama kwamba yalifunguliwa kwa mfumo wa kielektroniki. Mfumo huo ulianza Nairobi Julai 2020 na kutangazwa kwa nchi nzima Machi 2024. Kama shauri lenu ni la zamani zaidi, tegemea karatasi na rejista za mkono, na mpe karani muda wa kupekua.

Swali la pili ni mahakama ipi. Ibara ya 170 ya Katiba ya Kenya inampa kadhi mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo pande zote ni Waislamu na zimekubali kwenda mbele yake. Hilo la kukubali lina uzito. Nimeona familia za Kiislamu ambazo mirathi yao ilifunguliwa kwa hakimu, kwa kuwa ndugu mmoja alikwenda huko kwanza na wengine hawakupinga. Usihukumu faili lilipo kwa dini ya marehemu tu. Kwa wasio Waislamu, talaka na mirathi ni kwa hakimu, na mali ikizidi shilingi milioni 20 shauri la mirathi huwa ni la Mahakama Kuu. Ulizeni pia kama kulikuwa na rufaa, kwani faili la chini huitwa juu pamoja nayo na mara nyingine hukawia kurudi. Rufaa za Lamu siku hizi husikilizwa Mahakama Kuu ya Garsen. Za zamani zilikwenda Malindi. Watu wa Malindi wana nafuu: kadhi, hakimu na Mahakama Kuu wote wako mji mmoja.

Sasa majina, maana hapa ndipo watu wa visiwani huumia zaidi. Jina la kitambulisho lina sehemu tatu na tahajia ya karani wa usajili wa watu. Jina la rejista ya kadhi liliandikwa kwa sikio la karani mwingine, pengine miaka ishirini kabla. Muhammad huwa Mohamed au Mahamad. Saleh huwa Swaleh. Mwana Khadija huandikwa neno moja, au Mwana huachwa kabisa. Mwanamke aweza kuandikwa kwa jina la baba tu, babu asitajwe. Mwanamume aweza kuandikwa kwa lakabu ambayo mji mzima unamwita. Kaeni na shangazi au bibi, mwandike kwenye karatasi kila namna jina lilivyowahi kutamkwa. Ongezeni jina la upande wa pili, maana shauri la talaka lina majina mawili na moja likikosekana jingine laweza kulibeba. Mtaa nao unasaidia: kama ni Mkomani, Langoni, Shela au Matondoni, uandikeni.

Majina yakitofautiana na kitambulisho, faili likipatikana mtahitaji hati ya kiapo inayosema kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Huapwa mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Mama wa Pate aliapa siku ileile.

Namba isipopatikana kabisa, zipo njia za kuzunguka. Mirathi inayofunguliwa kwa hakimu au Mahakama Kuu hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali ili mwenye pingamizi ajitokeze ndani ya siku 30, na tangazo hutaja jina la marehemu, mahakama na namba ya shauri. Matoleo mengi ya Gazeti yamewekwa kwenye tovuti ya Kenya Law, taasisi inayochapisha sheria na hukumu za nchi. Kijana wa nyumbani mwenye simu anaweza kulipata jina la babu yake kwa jioni moja. Kama kulikuwa na shamba au nyumba iliyohamishiwa warithi, masjala ya ardhi itakuwa na nakala ya amri iliyotumika kuhamisha, na juu yake imeandikwa namba mnayoitafuta. Wakili aliyesimamia shauri naye huweka faili lake. Kwa ndoa, kumbukeni vitabu vya masheikhe walioidhinishwa kusajili. Wengi waliandika ndoa kwa miaka mingi, na familia zao wanajua vitabu vilikabidhiwa wapi.

Lipo jambo ambalo lazima niliseme waziwazi, kwa kuwa limewatesa wanawake wengi. Talaka iliyotamkwa nyumbani, au kuandikwa kwenye kipande cha karatasi mbele ya mashahidi wawili na isipelekwe kokote, haina faili. Inaweza kuwa talaka sahihi kidini, na Sheria ya Ndoa ya 2014 inaiachia sheria ya Kiislamu jambo la kuvunjika kwa ndoa ya Kiislamu. Lakini mahakamani hakuna cha kutafutwa. Nimewaona akina mama wakienda na kurudi miezi kadhaa wakitafuta kitu ambacho hakikuwahi kuwepo, huku kila dirisha likiwaambia "njoo wiki ijayo". Njia yao ni nyingine: kumwomba kadhi athibitishe talaka ile, wakiwa na mashahidi walio hai na ile karatasi kama ipo. Mashahidi huzeeka. Kama talaka yako ni ya namna hii na shahidi mmoja bado anatembea, nenda mwezi huu.

Faili likishajulikana lilipo, amueni mnataka nini kutoka ndani yake. Hukumu ni maelezo ya kadhi au hakimu: nani alidai nini, ushahidi ulikuwaje, kwa nini ameamua alivyoamua. Amri ni ukurasa mmoja au miwili unaosema kilichoamuliwa. Benki, ofisi ya ardhi au ya pensheni kwa kawaida hutaka amri, au kwa mirathi ya hakimu na Mahakama Kuu, cheti cha usimamizi kilichothibitishwa. Watu huomba "faili lote" wakalipia kurasa themanini, kumbe walihitaji mbili. Na mkiomba, semeni nakala iliyothibitishwa, yenye muhuri wa mahakama na saini ya afisa. Fotokopi isiyo na muhuri inafaa kusomwa nyumbani tu.

Ombi huandikwa kwa barua. Kiswahili ni lugha rasmi ya taifa hili, basi barua yako ya Kiswahili isikutie wasiwasi. Iwe fupi: "Mimi ni fulani, mwenye kitambulisho namba fulani, mdaiwa katika shauri la talaka lililoamuliwa na Mahakama ya Kadhi Lamu katikati ya mwaka 1997 baina yangu na fulani. Huenda jina langu limeandikwa Esha au Aisha. Naomba kulikagua faili na kupewa nakala mbili zilizothibitishwa za amri, kwa matumizi ya shauri la mirathi." Ambatisha nakala ya kitambulisho, na cheti cha kifo kama mwenye shauri amefariki. Peleka nakala mbili za barua, moja igongwe muhuri wa kupokelewa urudi nayo. Muhuri ule ndio ushahidi wako ukiambiwa baadaye kwamba hukuandika. Lipa ada kwa njia iliyoandikwa kwenye ankara ya mahakama na utunze risiti. Anayetaka pesa mkononi nje ya lango hana faili lako.

Ambaye si mhusika wa shauri aeleze uhusiano na sababu. Mrithi wa mhusika hana shida kubwa. Mafaili ya watoto yamefungwa kwa wasiohusika, na ni haki yafungwe; mtoto aliyegombaniwa na wazazi hastahili kusomwa na jirani. Kwa taarifa zilizo mikononi mwa taasisi za umma, Sheria ya Upatikanaji wa Taarifa ya 2016 inatoa siku 21 za kujibu ombi, na kimya kikizidi unaweza kulalamika kwa Tume ya Haki za Utawala. Kabla ya hapo mwone afisa msimamizi wa mahakama ana kwa ana. Mara nyingi jambo huishia mezani kwake.

Na faili likiwa limepotea? Msikubali jibu la mdomo. Ombeni barua inayosema limetafutwa na halikuonekana. Kwa barua hiyo mahakama inaweza kuombwa iunde faili upya kutokana na nakala zilizobaki kwa wahusika, mawakili na ofisi nyingine. Fahamuni pia kwamba mafaili ya zamani huweza kuharibiwa kwa utaratibu wa sheria. Mahakama hutoa notisi kwenye Gazeti la Serikali miezi mitatu kabla ya kuomba ruhusa ya kuyaharibu, ikitaja aina ya mashauri na miaka yake. Ndiyo sababu nawaomba wenye amri za miaka ya themanini na tisini wachukue nakala zilizothibitishwa sasa, wakati hakuna ugomvi.

Kwa wanaotoka Faza, Siyu au Kizingitini: ulizeni maji kabla ya kupanga siku. Yakipwa, boti husubiri kupita mkondo wa bahari wa Mkanda, na ukifika Lamu saa saba utakuta masjala imefungwa kwa chakula cha mchana. Na nakala ukishapewa, isome palepale dirishani, jina kwa jina, tarehe kwa tarehe. Ya mama wa Pate ilitoka mara ya kwanza na mwaka 1979 badala ya 1997. Karani aliichapa upya tukiwa tumesimama pale, akagonga muhuri, na mama akaiwahi boti ya alasiri.