Kabla hujanunua kalipa kubwa: kelele na nguvu ya breki kwenye SUV zenye injini kali

Gari zito lenye injini ya nguvu likianza kulia breki, mwenye gari kwa kawaida hufika gereji akiwa ameshaamua: ama breki zimekufa, ama breki za kiwandani ni dhaifu na sasa anataka kalipa (vibanio vinavyobana pedi kwenye diski) kubwa nyekundu alizoziona mtandaoni. Kwa magari ya aina hii ninayoyahudumia hapa Mtwara, mara nyingi si la kwanza wala la pili, na hilo la pili ndilo linalokula fedha nyingi. Kelele ya breki na uwezo wa breki ni mambo mawili tofauti. Breki inaweza kupiga mayowe kila unapopunguza mwendo na bado ikasimamisha gari vizuri, na nyingine inaweza kuwa kimya huku mafuta yake yakiwa yamebakiza kidogo tu yachemke. Anayeyachanganya mambo haya hulipia dawa ya ugonjwa asiokuwa nao.

Mlio wa breki ni mtetemo. Pedi inapobanwa kwenye diski haitelezi kwa ulaini mmoja. Hushika, huachia na kushika tena kwa kasi kubwa, na mwendo huo ukilingana na mtetemo wa asili wa diski au wa kalipa, vyote hutetemeka pamoja na diski huipeleka sauti hewani. Mlio mwembamba unaoumiza masikio huwa na mitetemo zaidi ya 1,000 kwa sekunde, mara nyingi maelfu kadhaa, ilhali mngurumo mzito unaosikika gari likiwa linakaribia kusimama huwa chini ya hapo. SUV zenye injini kali zina sababu za ziada za kulia kuliko gari dogo la kawaida, kwa kuwa pedi zake huwa na chembe nyingi za chuma ili zistahimili joto, diski zake ni pana, na kalipa zake zenye pistoni nne au sita ni ngumu kiasi kwamba hazimezi mtetemo. Kwa hiyo, mlio mdogo wa mara moja moja kwenye gari la namna hiyo ni sehemu ya maumbile yake, na mimi humwambia mwenye gari hivyo waziwazi badala ya kumuuzia kitu.

Huku pwani kuna mlio mwingine ambao watu hunijia nao asubuhi. Gari lililolala Shangani au Mikindani, au Lindi mjini karibu na bahari, huamka likiwa na utando mwembamba wa kutu kwenye diski, kwa sababu diski ni chuma cha kusubu kisichopakwa rangi na hewa yetu imejaa unyevu na chumvi. Breki chache za mwanzo hukwaruza, kisha utando huondoka na kelele huisha. Hapo hakuna la kutengeneza. Tatizo huanza gari linapoegeshwa wiki kadhaa bila kutembea, kwa maana kutu hula diski kwa kina na kuacha alama ya umbo la pedi, na alama hiyo baadaye husikika mguuni kila unapokanyaga.

Kelele zinazotakiwa kukufikisha kwa fundi siku hiyohiyo ni nyingine. Pedi nyingi zina kibati kidogo cha tahadhari kinachogusa diski pedi ikibakiza unene wa milimita 2 hadi 3, na kelele yake ni ya mfululizo, nyembamba, yenye kubadilika unapokanyaga. Ukiipuuza, itafuata sauti ya chuma kusaga chuma, na hapo kila kilomita inakula diski. Iko pia kelele kali ya kukwangua ambayo huanza ghafla baada ya kupita barabara ya changarawe na kuendelea hata usipokanyaga breki. Hiyo mara nyingi ni jiwe dogo lililonasa kati ya diski na bati la kukinga vumbi, na huondolewa kwa dakika chache. Wapo wanaoling'oa bati lile ili jambo lisijirudie. Ninawasihi wasifanye hivyo, kwa kuwa mchanga mwepesi wa uwanda wa Makonde ukipata njia ya wazi huingia kwenye pedi na kuchonga diski mistari.

Mlio wa kudumu usiokuwa na sababu hizo hutibiwa kwa usafi na uvumilivu kuliko kwa vipuri. Ninapofungua gurudumu, kwanza nalinganisha pedi ya ndani na ya nje. Zikiwa zimelika kwa usawa, kalipa inafanya kazi. Ya ndani ikiwa imebaki nyembamba na ya nje bado nene kwenye kalipa ya kuteleza (yenye pistoni upande mmoja tu), pini inazotelezea zimekwama kwa kutu au kwa grisi isiyofaa, na kwa magari yanayoishi karibu na chumvi hili ndilo ninalolikuta mara kwa mara. Grisi ya bering isitumike hapo. Mipira ya mfumo wa breki imetengenezwa kwa aina ya mpira isiyopatana na mafuta yatokanayo na petroli yaliyomo kwenye grisi hiyo, hivyo huvimba, na pini iliyolainishwa leo hukwama vibaya zaidi baada ya miezi michache. Inayotakiwa ni grisi ya silikoni iliyotengenezwa kwa ajili ya breki, ikipakwa kidogo kwenye pini, kwenye masikio ya pedi yanapotelezea ndani ya fremu, na mgongoni mwa pedi inapogusana na pistoni. Upande wa msuguano usiguswe na grisi hata chembe.

Vile vibati vyembamba vya mgongoni mwa pedi, ambavyo mafundi wengi huvitupa kwa kuviona havina kazi, ndivyo vinavyomeza mtetemo. Pamoja navyo kuna vispringi vya kuizuia pedi isicheze. Pedi mpya ikifungwa bila vitu hivyo italia hata ikiwa ya bei kubwa. Kuhusu kupiga msasa pedi na diski, kunasaidia iwapo uso wa pedi umeng'aa na kuwa mgumu kama kioo, lakini kama pini zimekwama, mlio utarudi baada ya siku chache na mteja ataona kwamba amedanganywa.

Usukani unaotetemeka wakati wa kufunga breki ni jambo linaloeleweka vibaya kuliko yote. Watu husema diski imepinda kwa joto, lakini mara nyingi haijapinda. Ama tabaka la pedi limeganda kwa mabaka kwenye diski, ama diski ilifungwa juu ya habu (kitovu cha gurudumu) yenye kutu, ikakaa upande kwa kiasi kidogo mno, na kila mzunguko ikawa inagusa pedi mahali palepale mpaka unene wake ukatofautiana. Kiasi ninachokizungumzia hakionekani kwa macho: viwanda vingi huruhusu diski icheze upande kwa milimita 0.05 au chini ya hapo, na tofauti ya unene ya milimita 0.02 inatosha kuhisika mikononi. Kwa sababu hiyo husugua habu mpaka ing'ae kabla ya kuweka diski, hupima kwa saa ya kupimia, na hukaza nati za gurudumu kwa mpangilio wa nyota kwa spana ya kupimia mkazo. Bunduki ya upepo inayokaza nati moja kupita nyingine inaweza kuharibu kazi ya siku nzima. Diski ikiwa bado juu ya unene wa chini uliochapwa ukingoni mwake, inaweza kukerezwa. Ikiwa chini ya hapo, ibadilishwe.

Sasa nije kwenye nguvu, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu barabara zetu zinaeleza jambo hili vizuri. Kazi ya breki ni kugeuza mwendo kuwa joto. SUV yenye uzito wa kilo 2,200 ikishuka kutoka kilomita 120 kwa saa hadi 50, breki zake hupokea takriban megajuli 1, joto linalotosha kuchemsha lita 3 za maji ya nyuzi 20, na sehemu kubwa yake huishia kwenye diski mbili za mbele. Anayekwenda Dar es Salaam kwa haraka hukutana na vijiji vyenye vibao vya 50 kimoja baada ya kingine, na baada ya kila kijiji anakanyaga mafuta tena, hivyo diski hazipati muda wa kupoa. Kwa kuwa joto hilo hukua kwa mraba wa mwendo, gari lililo kwenye 120 hubeba nguvu mara 2.25 ya lile lililo kwenye 80, na hilo ni hesabu ambayo hakuna kalipa inayoifuta.

Mteremko ni mkali zaidi. Kwa gari hilohilo, kila mita 100 za kushuka ni zaidi ya megajuli 2, yaani mara mbili ya ile breki ya kijijini, hata kama mwendo haukubadilika hata kidogo. Mji wa Newala umekaa ukingoni mwa uwanda wa juu, na anayeteremka kutoka huko akiwa na abiria na mizigo, mguu ukiwa juu ya breki muda wote, anazipika pedi zake pasipo sababu. Gia ndogo ipo kwa ajili hiyo, na magari mengi ya aina hii yana gia za kuchagua kwa mkono hata yakiwa ya otomatiki.

Joto likizidi, hutokea mambo mawili yasiyofanana. Pedi hupoteza mshiko: kanyagio linakuwa gumu lakini gari halipungui. Au mafuta ya breki huchemka, mapovu huingia kwenye mabomba, na kanyagio huzama hadi chini. La pili ndilo ninalolihofia hapa pwani, kwa kuwa mafuta ya breki hufyonza unyevu wa hewani. DOT ni daraja la mafuta ya breki linaloandikwa kwenye chupa. DOT 4 mpya inatakiwa isichemke chini ya nyuzi 230, lakini ikishanyonya maji kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155. Kwa DOT 3 ni 205 na 140, na kwa DOT 5.1 ni 260 na 180. Mafuta yabadilishwe walau kila baada ya miaka 2 na mfumo mzima utolewe upepo. DOT 5, licha ya namba yake, ni ya silikoni na haichanganywi na hizo nyingine.

Ndiyo maana mteja anapotaka breki kubwa, mimi huanza na swali moja: ukikanyaga kwa nguvu zote mara moja, breki zikiwa baridi, ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) inaingia? Kama inaingia, breki ulizonazo zimeshaishinda tairi, na kalipa kubwa haitapunguza hata mita moja ya umbali wa kusimama. Tairi nzuri itapunguza. Breki kubwa hulipa pale gari linaposimamishwa kwa nguvu tena na tena, kwa sababu diski nzito hubeba joto zaidi na kulitoa haraka zaidi. Kwa wengi, mafuta mapya, pedi bora na mipira ya kupitishia mafuta ya breki isiyotanuka vinamaliza tatizo lote kwa sehemu ndogo ya gharama.

Kwenye pedi, soma maandishi ya ukingoni. Herufi mbili kama FF au GG hueleza msuguano zikiwa za kawaida na zikiwa za moto. F ni kati ya 0.35 na 0.45, na G ni kati ya 0.45 na 0.55. Alama ya E ndani ya duara pamoja na namba ya R90 humaanisha pedi imepimwa kwa kanuni za Ulaya, ambazo haziruhusu msuguano utofautiane na wa pedi za asili kwa zaidi ya asilimia 15. Pakiti isiyokuwa na lolote kati ya hayo siifungi kwenye gari la nguvu. Pedi za mashindano nazo siziungi mkono barabarani: hazishiki vizuri zikiwa baridi, hulia sana, na hula diski.

Mwenye Subaru Forester ya turbo anaweza kupata kalipa za pistoni nne za Subaru yenyewe zinazoingia bila kuchonga chochote, lakini akitaka zile za Brembo zenye diski za milimita 326 atahitaji rimu za inchi 17. Mwenye Jeep Grand Cherokee SRT ana kalipa za pistoni sita mbele tangu kiwandani na hana cha kuongeza zaidi ya matunzo. Porsche Cayenne yenye kalipa nyeupe ina diski zilizopakwa tungsteni kabaidi na pedi zake maalumu, na msasa usikaribie hapo. Yeyote anayebadilisha za mbele peke yake akumbuke kwamba pistoni kubwa huhitaji mafuta mengi zaidi kutoka silinda kuu, hivyo kanyagio hushuka chini zaidi, na mgawanyo wa breki kati ya mbele na nyuma hubadilika wakati kompyuta ya ABS bado inafuata hesabu za zamani.

Pedi na diski mpya zinahitaji kuzoeshwa, na kazi hii husahauliwa mno kiasi kwamba breki za gharama huanza kulia wiki ya kwanza. Mimi hutoka mapema asubuhi kuelekea Mingoyo, kwenye kipande kisicho na watu, nikashusha mwendo kutoka 80 hadi 20 kwa mkanyago wa wastani mara 8 hadi 10 bila kusimama kabisa, kisha nikaendesha polepole dakika 10 zipoe. Ukisimama na kushikilia breki zikiwa za moto, pedi huacha alama yake kwenye diski, na ule mtetemo wa usukani huanzia hapo. Kwa saa chache za mwanzo gari liegeshwe mahali tambarare bila breki ya mkono, na nati za magurudumu zihakikiwe tena siku inayofuata.