Bastola ya moduli: ukibadili kipande, ijaribu upya

Bastola ya moduli ni ile ambayo moyo wake unatoka. Ndani ya mpini kuna kitengo kidogo cha chuma chenye kifyatulio na mitambo yake, na kwenye bastola kama SIG Sauer P320 ndicho chenye namba ya usajili. Mpini, mtutu na slaidi, yaani ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila risasi inapotoka, vyote hubadilishwa. Mwenye viganja vidogo huweka mpini mwembamba, na anayetaka bastola fupi hubadili mtutu na slaidi. P320 ilitoka mwaka 2014, na Januari 2017 Jeshi la Marekani likaichagua kwa majina ya M17 na M18 ili ishike nafasi ya Beretta M9, iliyoanza kazi mwaka 1985.

Kuna jambo ambalo wengi hawalipigii hesabu. Bastola iliyopiga risasi mia tano bila kukwama imethibitisha vipande vile tu vilivyokuwa pamoja siku ile. Ukibadili mtutu, slaidi au springi inayoirudisha slaidi mbele, una bastola nyingine mkononi, hata kama namba ni ileile. Springi ikiwa ngumu kupita kiasi, slaidi hairudi nyuma vya kutosha na ganda la risasi iliyopigwa hunasa kabla halijatoka. Ikiwa laini mno, slaidi hugonga kwa nguvu na vipande huchakaa mapema. Kwa hiyo kila mabadiliko yafuatwe na majaribio kwenye uwanja wa shabaha, kwa risasi za aina utakayoitegemea na kwa magazini zako zote, yaani vile vibebeo vya risasi vinavyochomekwa ndani ya mpini.

Magazini hasa zitazame kwa makini. Ndizo chanzo cha sehemu kubwa ya mikwamo: midomo iliyopinda, springi iliyochoka, mchanga ndani. Ziandike namba kwa rangi. Mkwamo ukiifuata magazini moja, tatizo si la bastola.

Kuhusu usalama inapoanguka, yaliyotokea mwaka 2017 yanatufunza mengi. Majaribio yalionyesha kwamba P320 za awali zikianguka kwa pembe fulani, uzito wa kifyatulio chenyewe ulitosha kukisukuma nyuma na risasi ikatoka bila kidole kukigusa. Agosti mwaka huo mtengenezaji alitangaza marekebisho ya hiari bila malipo, yakiwemo kifyatulio chepesi zaidi. Ukipewa bastola iliyotumika, uliza kwanza kama marekebisho ya aina hiyo yalifanyika, kabla hujauliza habari za vifaa vya kulengea au rangi.

Usafi nao una utaratibu usiogeuzwa. Elekeza mtutu mahali salama, toa magazini, ndipo uvute slaidi kuondoa risasi iliyo kwenye chemba, yaani sehemu ya nyuma ya mtutu inamokaa risasi kabla ya kupigwa. Ukianza na slaidi magazini ikiwa bado ndani, utaitoa risasi moja na kuingiza nyingine bila kujua. Angalia chemba kwa macho, kisha iguse kwa kidole. Nawasihi mlizingatie hili, maana baadhi ya bastola, Glock ikiwa mojawapo, hudai uvute kifyatulio ndipo zifunguke. P320 haidai hivyo, na kwangu hiyo ni sifa kubwa kuliko wepesi wa kubadili mipini.

Safisha mtutu kuanzia upande wa chemba, futa masizi ya baruti, kisha weka tone la mafuta kwenye reli za slaidi na pale mtutu unaposuguana na slaidi. Njia ya pini inayogonga risasi iache kavu: mafuta humo hunasa vumbi, pini ikawa nzito na risasi isiwake. Fanya kazi hiyo penye hewa, na ukimaliza nawa kwa sabuni kabla ya kugusa chakula au mtoto, kwa kuwa masizi hayo yana risasi ile ya madini, sumu kwa mwili.

Springi ya slaidi ibadilishwe kwa idadi ya mipigo iliyoandikwa kwenye kijitabu cha mtengenezaji, hivyo andika umepiga risasi ngapi kila unapotoka mazoezini.