"Nameza nikizidiwa tu": dawa za sonona si Panadol

"Dokta, nameza nikizidiwa tu." Kauli hii naisikia kliniki karibu kila wiki, na mara nyingi anayeisema anajisifu, kana kwamba amebana matumizi ya kitu kibaya. Kaandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona (ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha), kidonge kimoja kila usiku. Anarudi baada ya mwezi na bahasha ileile ya karatasi iliyoandikwa "1x1 usiku". Navimwaga vidonge mezani, nahesabu: kati ya 30 vimebaki 21. Hapo ndipo ananieleza kwamba dawa haijamsaidia.

Haijamsaidia kwa sababu hajaimeza. Mnisamehe, lakini nimechoka kuizunguka.

Najua dhana hii inakotoka. Tumekulia kwenye Panadol, unameza na baada ya muda mfupi kichwa kimetulia, na kwenye mseto wa malaria, siku 3 umemaliza dozi. Dawa ya sonona haiendi hivyo. Amitriptilini au fluoksetini huanza kazi kwenye ubongo saa chache tu baada ya kumezwa, ila hali ya moyo haibadiliki siku hiyo, maana ubongo wenyewe huchukua wiki kadhaa kujirekebisha. Kwa kawaida nafuu huanza kuonekana kati ya wiki ya 2 na ya 4, na wapo ambao tunasubiri hadi wiki ya 6 au ya 8 ndipo tuseme dawa hii haikufaa. Tena mara nyingi wanaoiona kwanza ni watu wa nyumbani. Dada mtu ananiambia, "Siku hizi sahani anaimaliza," wakati mgonjwa mwenyewe kainamisha kichwa anasema hakuna kilichobadilika.

Maudhi madogo madogo, kwa bahati mbaya, hayasubiri wiki 4. Yanakuja mapema. Fluoksetini inaleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, tumbo kuvurugika, usingizi kupaa. Amitriptilini inakausha mdomo, inafunga choo, inakuachia usingizi mzito hadi asubuhi, na ukiinuka kitandani ghafla unaona kizunguzungu. Mengi ya haya hupungua mwili ukizoea. Sasa anayemeza leo, akaruka siku tatu, akameza tena, mwili wake utazoea lini? Kila kidonge kwake ni kama cha kwanza: maudhi anayapata, nafuu haioni. Kisha anakwenda kumwambia jirani kwamba dawa za hospitali zinatesa bure.

Wanaonitisha zaidi ni wanaofidia. Kasahau siku nne, ya tano anameza vitano kwa mpigo. Jamani, hapana! Amitriptilini nyingi kwa mara moja huvuruga mapigo ya moyo na inaweza kuua. Ukisahau ya jana, imepita, meza ya leo kama ilivyoandikwa. Kwa sababu hiyohiyo, nyumba yenye mgonjwa anayezungumzia kufa, dawa zikae kwa ndugu, naye aletwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa vijana walio chini ya miaka 25 tuwe macho zaidi wiki za mwanzo, kwa kuwa mawazo ya kujidhuru yanaweza kuongezeka kabla nafuu haijafika.

Wapo pia wanaoacha siku ile ile wanapojisikia vizuri. Baada ya nafuu tunaendelea angalau miezi 6, la sivyo ugonjwa hurudi kirahisi. Miezi 6 ya dawa za kifua kikuu watu wanaielewa, ya sonona wanaiita utumwa. Na kwa taarifa yenu, moja ya dawa za kwanza kabisa za sonona, iproniazidi, ilianza kama dawa ya TB. Mwaka 1952, kwenye hospitali ya Sea View kule New York, wagonjwa wa kifua waliopewa walichangamka na kuanza kula, ndipo madaktari wakashtuka.

"Dawa zinanenepesha." Nusu kweli. Amitriptilini huzuia histamini, kemikali ya mwilini, na hapo njaa inaongezeka, hasa hamu ya vitu vitamu. Lakini mimi nauliza swali jingine: mdomo ukikauka, unakunywa nini? Jibu karibu kila mara ni soda. Chupa ndogo ya kola, mililita 300, ina sukari gramu 30 na ushei, na mtu anakunywa tatu kwa siku, juu yake chipsi mayai ya usiku. Tembea na chupa ya maji, unywe funda moja moja. Asubuhi kula kitu kinachokaa tumboni, maharage au mayai, si chai na maandazi mawili. Na tukupime uzito siku ya kwanza, ili tubishane kwa namba. Ukiongezeka kweli, dawa zinabadilishwa, fluoksetini haina njaa hiyo. Ila usijibadilishie mwenyewe.

"Huyu ni mvivu tu." Hili ni la wazazi na wenza. Sonona hukausha nguvu na kufanya hata kuoga kuwe kazi ya kujipanga. Lakini mgonjwa naye ana dhana yake: "Nikipata mudi nitafanya." Mudi haiji kwanza, kitendo ndicho kinachoivuta. Kila mgonjwa wangu namtaka awe na daftari. Jioni aandike jambo moja la kesho na saa yake, dogo kiasi cha kuona aibu kuliandika: "Saa 2 asubuhi, kuosha sufuria moja." Si vyombo vyote. Akishaosha, aandike alivyojisikia, kuanzia 0 hadi 10. Wengi hunicheka wiki ya kwanza. Wakirudi, kurasa zenyewe zinaonyesha kwamba 2 ya kabla ya sufuria huwa 4 baada yake, na wanayeshindana naye ni daftari lao, si mimi.

"Ni ugonjwa wa Wazungu." Waulizeni watu wa Masaka na Rakai, Uganda, ambako vikundi vya tiba ya mazungumzo vilifanyiwa utafiti uliochapishwa 2003 na kuonyesha nafuu kubwa. Wanavijiji wale walikuwa na majina yao ya ugonjwa huu kabla mtafiti hajafika.

"Nikienda watanipeleka Mirembe," yaani hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Wengi wa wagonjwa wa sonona hutibiwa kliniki na kurudi nyumbani kupika.

"Zinamfanya mtu kuwa teja." Hapa watu wanachanganya na diazepamu, ile Valium wanayojinunulia duka la dawa bila cheti ili walale. Hiyo ndiyo inayozoesha, na ndiyo hawaiogopi. Dawa za sonona hazikupi arosto ya kuzisaka mtaani, japo ukizikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, usingizi kukatika, au mshtuko kichwani kama umepigwa shoti. Kwa hiyo tunazipunguza taratibu, kwa ratiba ninayoandika mimi, si kwa kumaliza kilichobaki kwenye bahasha.